Je, Wajua? Kampuni Zinapolowa

Je, wajua kuwa Munich Re ya Ujerumani, inayofanya bima mtawanyo, yaani kuzikatia bima kampuni za bima zenyewe, ilianza kuonya kuhusu ongezeko la joto duniani mwaka 1973? Mlipa fidia huliona wingu kabla ya wengine.

Je, wajua kuwa kimbunga Andrew, kilichoipiga Florida Agosti 1992, kilifilisi kampuni kadhaa za bima? Zilizonusurika ziliacha kupanga ada kwa kutazama hasara zilizopita tu, zikaanza kukokotoa kwa kompyuta vimbunga ambavyo bado havijavuma.

Je, wajua kuwa Walmart, kampuni ya maduka ya Marekani, ilitangaza lengo la kutumia nishati jadidifu kwa asilimia 100 Oktoba 2005, wiki chache baada ya kimbunga Katrina kuizamisha New Orleans? Mkurugenzi mkuu, Lee Scott, hakutaja mwaka wa kulifikia. Mwaka huo, 2035, ulitajwa 2020. Miaka 15 ya kutafuta tarehe!

Je, wajua mto Rhine ulivyoitia adabu BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani? Ukame wa 2018 ulishusha maji hadi kipimo cha maji cha mji wa Kaub kikasoma sentimita 25 mwezi Oktoba. Meli za mizigo zikapita na shehena kiduchu, na kiwanda chake cha Ludwigshafen, kinachotegemea mto huo kwa malighafi, kikapunguza uzalishaji. Hasara: kama euro milioni 250. Kampuni ikaagiza meli ya maji haba, Stolt Ludwigshafen, iliyozinduliwa 2023, inayoweza kupita Kaub hata kipimo kikisoma sentimita 30. Ndiyo, 30, ilhali mwaka 2018 kilisoma 25. Tena meli hiyo ni dawa ya hasara, si ya joto.

Je, wajua kuwa PG&E, kampuni ya umeme ya California, iliomba kinga ya ufilisi Januari 2019? Nyaya zake ndizo zilizowasha moto wa 2018 ulioua watu 85 katika mji wa Paradise na vitongoji vyake. Siku hizi upepo ukizidi katika majira ya ukavu, kampuni huzima umeme makusudi. Mwaka 2021 ilitangaza mpango wa kufukia ardhini nyaya za kilomita 16,000 hivi.

Je, wajua kuwa Mei 2023 kampuni ya bima ya State Farm iliacha kupokea maombi mapya ya bima ya nyumba California, ikitaja gharama za ujenzi na majanga yanayoongezeka? Hiyo nayo ni sera ya tabianchi, ingawa haichapishwi kwenye ripoti zenye picha za miti.