AFYA YA FAMILIA: Kipandikizi cha Uume na Kipimo Chake



Lipo tatizo ambalo akina baba wengi hulificha hata kwa wake zao, nalo ni uume kushindwa kusimama. Mara nyingi chanzo chake ni ugonjwa unaojulikana: kisukari, shinikizo la damu, kuziba kwa mishipa ya damu, jeraha la uti wa mgongo, au upasuaji wa saratani ya tezi dume. Sigara na ulevi huongeza hatari. Si kurogwa, wala si ushahidi kwamba baba ana mwanamke mwingine.

Tiba huanza na hatua nyepesi: kutuliza sukari na shinikizo la damu, kuacha sigara na pombe, vidonge vilivyoandikwa na daktari, pampu ya kuvuta hewa, au sindano. Hayo yote yakishindwa, upo upasuaji wa kuweka kipandikizi. Kipandikizi cha kujazwa maji kilianza kutumika mwaka 1973 huko Houston, Marekani, kwa kazi ya Dk. F. Brantley Scott na wenzake. Hapa nchini, mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilitangaza kuwa imeanza kufanya upasuaji huo. Maadamu huduma imetufikia, yafaa tulielewe vizuri jambo moja ambalo wengi hulikosea, yaani kipimo.

Kipandikizi ni nini?

Ndani ya uume mna vyumba viwili virefu vilivyolala sambamba, vyenye nyama laini kama sifongo. Kwa mtu mwenye afya, vyumba hivyo hujaa damu na uume husimama. Katika upasuaji, mrija mmoja huwekwa ndani ya kila chumba. Ipo mirija migumu kiasi inayokunjika kwa mkono, na ipo ya kujazwa maji safi ya chumvi kwa pampu ndogo iliyofichwa ndani ya mfuko wa korodani. Vyote huwa ndani ya mwili, havionekani kwa nje. Kwa kawaida hisia, kukojoa na kutoka kwa mbegu havibadiliki kwa sababu ya kipandikizi.

Daktari hupimaje?

Vyumba hivyo haviishii pale uume unapoonekana kuanzia. Vinaendelea nyuma, ndani ya mwili, hadi kwenye mfupa wa nyonga. Kwa hiyo daktari hufungua kila chumba, akaingiza kijiti cha kupimia kuelekea mbele, kisha kuelekea nyuma, na kujumlisha. Kwa mfano, akipata sentimita 10 mbele na 9 nyuma, jumla ni 19. Anaweza kuchagua mrija wa sentimita 18 na kuongeza kipande cha sentimita 1 upande wa nyuma. Ndiyo maana mgonjwa hawezi kuagiza urefu anaoutaka. Mwili wake wenyewe ndio unaotoa kipimo.

Kikiwa kirefu mno

Anayechagua viatu sokoni Kiboriloni anajua kwamba kiatu kinachobana huleta malengelenge, lakini kiatu huvuliwa. Kipandikizi hakivuliki bila kisu. Mrija mrefu kuliko chumba hujikunja ndani, uume ukapinda, na maumivu hayaishi. Ncha yake husukuma nyama siku hadi siku. Baada ya muda yaweza kutoboa ngozi au njia ya mkojo, na hapo kipandikizi hulazimika kutolewa.

Kikiwa kifupi mno

Hapa kichwa cha uume hukosa mhimili, kikalegea na kuinama. Tendo la ndoa huwa gumu, tena laweza kuwaumiza wote wawili. Marekebisho yake nayo ni upasuaji. Upasuaji wa kurudia una hatari kubwa zaidi ya kuingiza vijidudu kuliko ule wa kwanza.

Mbona wengine husema wamepungua?

Kipandikizi hutoa ugumu, hakirefushi. Wengi hujilinganisha na walivyokuwa ujanani, ingawa maradhi ya miaka mingi yamekwisha kusinyaza nyama. Tena kichwa cha uume hakijai kama zamani. Urefu utakaopatikana hukaribiana na ule wa uume ukivutwa taratibu kabla ya upasuaji. Daktari akiwaonyesha mapema, baba na mama hawatavunjika moyo baadaye. Nao wanaouza dawa za kuongeza uume wasiwadanganye.

Msichelewe

Makovu ndani ya vyumba hupunguza nafasi, na daktari hulazimika kuweka kipandikizi kifupi au chembamba. Chanzo kimoja cha makovu ni uume kusimama kwa muda mrefu bila kutaka, jambo linalowapata hasa vijana wenye selimundu, ambayo wengi huiita siko seli. Wazazi, hali hiyo ikizidi saa 4 ni dharura. Mpelekeni kijana hospitali usiku huohuo, wala msimwonee haya.

Kabla ya kukubali upasuaji

1. Hakikisheni njia nyingine zimejaribiwa. Nyama za ndani zikishaharibiwa na mrija, usimamaji wa asili haurudi.

2. Tulizeni kisukari kwanza. Katika upasuaji wa kwanza, watu 1 hadi 3 kati ya 100 hupata vijidudu kwenye kipandikizi, na wenye kisukari wamo hatarini zaidi.

3. Ulizeni: aina gani itawekwa, gharama ni kiasi gani, na kikiharibika itakuwaje? Ni chombo, na chombo huchakaa.

4. Baada ya upasuaji, subirini ruhusa ya daktari kabla ya tendo la ndoa, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Homa, usaha, wekundu au maumivu yanayozidi ni sababu ya kurudi hospitali upesi.

Aliye na tatizo hili aanze katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, apimwe sukari na shinikizo la damu, kisha aombe rufaa kwa daktari wa njia ya mkojo, kama wale wa KCMC hapa Moshi. Kwa baadhi ya watu, uume kulegea ni ishara ya kwanza ya ugonjwa wa moyo. Kwenda mapema kwaweza kuokoa zaidi ya unyumba.

Nanyi mliofunga ndoa, kumbukeni kwamba udhaifu unaompata mtu baada ya ndoa hauvunji ndoa. Mliahidiana katika afya na katika ugonjwa. Mama aende pamoja na baba kwa daktari, wasikilize wote wawili, na waamue pamoja.