Gari la Japani, vumbi la Tsavo

Modeli za magari za plastiki hutoka kiwandani zikiwa vipande vitupu. Umbo hununuliwa dukani. Gari lenyewe hutokana na mkono wa anayelipaka rangi, na kwa magari ya mashindano ya Safari Rally mkono huo sharti uijue barabara.

Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971, Edgar Herrmann akiwa kwenye usukani na Hans Schüller akiwa mwelekezi wake, haiko Nairobi. Iko Zama, Japani, katika ghala ambamo kampuni ya Nissan hutunza magari yake ya kihistoria. Bodi ni nyekundu, boneti ni nyeusi isiyong'aa ili jua lisimrudie dereva machoni, na mlangoni kuna namba 11. Asiyekuwa na nauli ya Zama anaweza kulipata gari hilo hilo ndani ya sanduku la karatasi ngumu, likiwa vipande vya plastiki. Likishaundwa huwa na urefu wa takriban sentimita 17, yaani dogo mara 24 kuliko lile la kweli. Anayelitengeneza ni Hasegawa, kampuni ya mjini Yaizu, katika mkoa wa Shizuoka.

Hiyo ndiyo hobi yenyewe: kununua gari likiwa vipande, kuviunganisha kwa gundi, kuvipaka rangi na kuliweka kabatini. Wapo wanaoiona ni mchezo wa watoto, na si uongo kwamba mtoto anaweza kuliunganisha gari zima kwa siku moja, jioni akawa analisukuma sakafuni. Mtu mzima hukaa nalo wiki kadhaa, pengine miezi. Karibu muda wote huo humalizikia kwenye rangi, na sehemu kubwa ya muda wa rangi ni kungoja ikauke.

Kutoka kiwanda cha mbao

Nchini Marekani mambo yalianzia kwa wauza magari. Kampuni ya AMT, iliyoanzishwa Michigan mwaka 1948, ilitengeneza vigari vidogo vilivyokamilika, ambavyo wauzaji waliviweka kwenye maduka yao ili kuwavutia wateja na watoto wao. Mwaka 1958 ikaanza kuviuza vikiwa vipande, na kila sanduku likampa mnunuzi njia tatu: aliunde gari kama lilivyotoka kiwandani, alirembe apendavyo, au aligeuze la mashindano. Vijana waliokuwa bado hawana umri wa leseni wakapata gari la kuchezea ufundi.

Japani safari ilikuwa ndefu zaidi. Yoshio Tamiya alianza mwaka 1946 mjini Shizuoka na kiwanda cha kupasua mbao. Moto wa mwaka 1951 ukateketeza akiba yake ya mbao, na miaka miwili baadaye kampuni ikaachana na biashara hiyo, ikabaki na modeli tu, nazo za mbao. Modeli yake ya kwanza ya plastiki, meli ya kivita Yamato, ilitoka mwaka 1960, na gari la kwanza la mashindano, Honda RA273 ya Formula One, likafuata mwaka 1967. Kisa kinachopendwa zaidi na wapenzi wa modeli ni cha Porsche 934 iliyotoka mwaka 1976. Shunsaku, mwana wa mwanzilishi, hakuridhika na picha wala michoro. Alinunua Porsche 911 ya kweli, akaifungua kipande kwa kipande ili kila kitu kipimwe, kisha ikabidi mafundi wa Porsche waitwe kuifunga upya.

Kwa bidii ya namna hiyo, mnunuzi hana haja ya kuhangaikia umbo. Limeshapimwa na waliobobea. Linalobaki mezani kwake ni usafi wa kazi na rangi.

Koleo kwanza, gundi baadaye

Vipande hufika vimeshikana na fremu zake, kila fremu na herufi yake, kila kipande na namba yake. Anayevikongoa kwa vidole atavunja mkono wa waipa kabla hajaanza kazi. Hukatwa kwa koleo ndogo yenye makali, mbali kidogo na kipande, kisha kisiki kinachobaki hupunguzwa kwa kisu na kulainishwa kwa msasa. Baadaye bodi huoshwa kwa sabuni ya vyombo, maana huweza kuwa na mabaki ya mafuta ya kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta.

Gundi ya modeli huyeyusha nyuso mbili za plastiki zikaingiana, zikikauka zimekuwa kipande kimoja. Ndiyo maana tone likidondokea mlangoni huacha kovu lisilofutika. Supagluu nayo haifai karibu na vioo, kwani mvuke wake huvipaka ukungu mweupe. Vioo hubandikwa kwa gundi nyeupe ya maji, ile ya maseremala, ambayo ikikauka haionekani.

Kisha rangi. Fundi wa gereji anayepiga rangi magari ya kweli ataielewa hatua hii bila kufundishwa: praima, msasa, rangi, vanishi, polishi. Kinachobadilika ni ukubwa wa kosa. Rangi ya kopo ikipulizwa karibu mno hutiririka na kuziba mifereji ya milango. Ikipulizwa mbali mno hufika ikiwa imeshaanza kukauka, na uso wa bodi ukawa na vinyweleo kama ganda la chungwa. Mkono wa kwanza uwe mwepesi kiasi cha praima kuonekana chini yake, wa pili ufuate baada ya dakika 10 hivi, na wa tatu ndio wa kulowesha. Nyekundu ya Datsun hudai praima nyeupe au ya waridi. Juu ya praima ya kijivu hupoa na kuelekea damu ya mzee.

Boneti nyeusi ndiyo inayompima mtu. Utepe wa karatasi hubandikwa kando ya boneti na kukandamizwa kwa ukucha mpaka uingie kwenye mfereji. Wazoefu hawapulizi nyeusi moja kwa moja. Hupuliza kwanza nyekundu ile ile kidogo juu ya ukingo wa utepe, ili kama kuna upenyo, upenyo huo uzibwe na rangi isiyodhuru. Nyeusi hufuata, nayo si nyeusi tii: huchanganywa na kijivu kidogo, kwa sababu juu ya kitu kidogo nyeusi kamili huonekana nzito kuliko ilivyo kwenye gari kubwa. Utepe ukitolewa, mstari unakuwa umenyooka.

Imekauka lini? Wapenzi wa hobi hii wana kipimo kisichohitaji saa: sogeza pua. Harufu ya rangi ikisikika, bado. Wengi huharibu kazi hapa, kwa kushika bodi siku ya pili na kuacha alama ya kidole kwenye paa.

Namba 11 na maandishi mengine ni stika za maji. Hulowekwa kwa muda mfupi, huteleza kutoka kwenye karatasi yake na kusogezwa kwa brashi hadi mahali pake. Dawa ya kulainisha huifanya stika ilale mpaka ndani ya mfereji wa mlango, ionekane imepakwa.

Unyevu wa pwani

Maelekezo ya kwenye sanduku hayajui Mombasa, Tanga wala Zanzibar. Laka ikipulizwa katika hewa yenye unyevu mwingi, kiyeyusho kinachofuka kwa kasi hupoza uso wa rangi, mvuke wa hewani ukatua juu yake, na nyeusi ikageuka ya maziwa. Tiba ni subira. Mchana wa kaskazi siku isiyo na mvua unafaa. Usiku wa masika haufai hata kidogo.

Tatizo la pili ni upatikanaji. Makopo ya kupuliza huhesabiwa mzigo wa hatari kwenye ndege, kwa hiyo anayeagiza modeli kutoka nje mara nyingi hulazimika kutafuta rangi karibu na nyumbani. Duka la rangi za magari linaweza kumchanganyia nyekundu anayoitaka, ila ajue kwamba thina ya rangi hizo ni kali na hula plastiki tupu. Praima itangulie, na kila mkono uwe mwepesi. Dirisha liwe wazi, na puani iwepo barakoa ya kuchuja mvuke, maana ile ya kitambaa huzuia vumbi tu.

Ing'arishe, kisha uichafue

Hapa gari la Safari linaachana na mengine. Mwenye Ferrari akishaing'arisha amemaliza. Mwenye Datsun ya 1971 akifika hapo yuko nusu ya njia, kwa kuwa gari safi la Safari ni gari ambalo bado halijaondoka.

Mashindano yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa masika, na dereva angeweza kukutana na vumbi na tope kabla ya siku kuisha. Barabara ilikuwa mpinzani mkubwa kuliko gari lililo nyuma. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alilingana alama na Harry Källström, wote wakiwa kwenye Datsun, na Mehta akapewa ushindi kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi bila adhabu. Kwa viwanda vya Japani ushindi wa namna hiyo ulikuwa tangazo lisilohitaji maneno, na ndiyo sababu hadi leo magari ya Safari yamo kwenye masanduku ya modeli. Mbali na 240Z, ipo pia modeli ya Toyota Celica Twin Cam Turbo kutoka kampuni ya Beemax, gari ambalo dereva Juha Kankkunen alishinda nalo mwaka 1985, mara yake ya kwanza kushiriki.

Sasa, matope yana rangi gani? Viwanda huuza vijiti na unga wa rangi vilivyoandikwa "matope", "mchanga" na kadhalika, na waundaji wengi wa Ulaya na Japani hupaka kahawia moja kutoka bampa hadi bampa. Aliyewahi kusafiri nchi hizi haridhiki. Udongo wa Tsavo ni mwekundu hata tembo wake wanaonekana wekundu. Uwanda wa Athi una udongo mweusi unaonata matairini mvua ikinyesha. Naivasha, yalikorudi mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, vumbi lina asili ya volkano na huelekea kijivu. Gari lililopita sehemu mbili hubeba rangi mbili, ya kwanza ikiwa imekauka chini ya ya pili.

Wala vumbi halitui sawasawa. Hujaa nyuma ya magurudumu na mkiani, ambako upepo wa gari lenyewe hulivuta. Tope la gurudumu la mbele hurukia mlango kwa mshazari, chini zito, juu matone. Kwenye kioo cha mbele hubaki nusu duara mbili safi zilizofutwa na waipa. Mwundaji huzikata kwa utepe wa karatasi, huzibandika, hupuliza vumbi, kisha huzibandua. Kitasa cha mlango huwa safi kidogo kuliko mlango, kwa kuwa kimeshikwa. Mambo hayo hayamo kwenye maelekezo. Yamo kwenye kumbukumbu ya mtu aliyesimama kando ya barabara gari likimpita.

Hiace isiyo na kazi

Asiyependa mashindano ana sanduku lingine. Aoshima, nayo ya Shizuoka, hutengeneza Toyota Hiace ya kizazi cha 200 kwa kipimo kile kile cha 1/24. Kwa Mjapani ni gari la mizigo au la kurembwa. Kwa msomaji wa makala haya ni matatu au daladala inayongoja njia yake. Usukani uko kulia tayari, kwa vile Japani nao hupita kushoto. Kenya itahitaji mstari wa njano ubavuni. Dar es Salaam, mstari wa rangi ya ruti yake. Maandishi ya kioo cha nyuma yanaweza kuchapishwa kwa printa kwenye karatasi maalumu ya stika za maji. Printa ya kawaida haina wino mweupe, kwa hiyo maneno meupe yanataka karatasi yenye usuli mweupe.

Ufundi huu si mgeni kwetu. Watoto wa vijijini na mitaani wameunda magari ya waya na makopo, magurudumu yakikatwa kwenye ndala kuukuu, na mwenye jicho kali hujua gari lipi ni Land Rover na lipi ni Isuzu kwa waya tu. Wanachokikosa ni sanduku. Jicho wanalo.

Anayetaka kuanza asianze na boneti ya rangi mbili. Achukue gari la rangi moja, koleo, kisu, msasa, gundi, praima na kopo moja, akubali kwamba la kwanza litakuwa la kujifunzia. Ajaribu kila rangi kwenye kijiko cha plastiki kabla ya kuigusa bodi.

Akifika kwenye vumbi, asiagize unga kutoka Japani. Achukue udongo wa barabara anayotaka kuionyesha, aukaushe vizuri kwenye kikaango, auchunge kwa kitambaa chembamba hadi ubaki unga mtupu, kisha aupake kwa brashi laini. Mwundaji wa Shizuoka hukisia rangi ya Tsavo kwa kutazama picha. Mkaazi wa Voi huikuta kwenye viatu vyake.