Jina la Akina Meyer Mlimani Kilimanjaro (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza kwamba ghuba ya ziwa letu huku Usukuma, iitwayo Speke, haikupewa jina hilo na Speke mwenyewe, bali na Stanley, aliyepita nyuma yake mwaka wa 1875 akataka kumtukuza mtangulizi wake. Leo, tukiwa hapa Kiloleli, twageukia mashariki, Kilimanjaro, ambako desturi iyo hiyo iliufaa ukoo mmoja wa Kijerumani uliosifika kwa elimu.

Babu wa ukoo huo, Joseph Meyer, alianzisha mwaka wa 1826, mjini Gotha, nyumba ya kupiga chapa vitabu, ambayo kamusi yake kubwa ya maarifa ilienea majumbani mwa Wajerumani, hata jina la Meyer likawa jina la kitabu kabla halijawa jina la jabali. Mwanawe, Herrmann Julius, aliihamishia Leipzig mwaka wa 1874. Na mjukuu, Hans, aliyezaliwa mwaka wa 1858, akarithi mali ya kumwezesha kusafiri pamoja na shauku ya kuandika aliyoyaona. Mwaka wa 1888 alikamatwa Usambara, yeye na mwenziwe Oscar Baumann, na watu wa Abushiri bin Salim, wakaachiliwa kwa fidia. Hakukata tamaa: tarehe 6 Oktoba 1889, yeye na Ludwig Purtscheller walisimama juu ya Kibo.

Meyer hakukiita kilele hicho kwa jina lake, bali kwa jina la mfalme wake, Wilhelm. Na mito ya barafu akawagawia wanazuoni wa kwao, mmojawapo Ratzel, bingwa wa jiografia wa Leipzig. Yeye alilipwa na waliomfuata. Tarehe 29 Julai 1912 Eduard Oehler na Fritz Klute walipofika kwenye ncha ya juu kabisa ya Mawenzi, mita 5,149, waliiita Hans Meyer. Na pango lililo katika njia ya Marangu, wapitapo wapandao Kibo, nalo lina jina hilo. Ndivyo maulamaa hao walivyokuwa wakikopeshana taadhima, na rehani ya deni lao ikawa mawe ya nchi ya watu wengine.

Jina la mfalme limeondoka, na kilele cha Kibo, ulipowashwa mwenge mwezi wa Desemba 1961, sasa chaitwa Uhuru. La Meyer limebaki, wala sioni sababu ya kulifuta, kwani alipanda kweli. Lakini Meyer mwenyewe amemwandika Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki nao katika kambi ya juu, penye baridi kali, ilhali wapagazi wengine wamerudishwa chini. Huyu naye alistahili ukumbusho mlimani. Basi nawasihi wenye mamlaka ya kuchora ramani zetu wampe japo bonde moja la Kibo liitwe kwa jina lake.