Sista Anna Dengel, mganga wa akina mama

Watoto, wengi wenu mlizaliwa katika maternite ya misioni, na sista ndiye aliyewapokea mikononi. Kwenu ni jambo la kila siku. Lakini zamani sheria ya Eklezia ilikataza masista kuzalisha, ikawakataza pia kufanya kazi ya uganga. Sikilizeni jinsi sheria hiyo ilivyogeuzwa.

Katika mji wa Rawalpindi, zamani katika Uhindi, leo katika Pakistani, wanawake wengi Waislamu walikaa ndani ya nyumba zao. Mwanamume asiye wa jamaa yao hakuweza kuwaona, hata akiwa mganga. Basi mama akashikwa na uchungu, na mtoto amelala vibaya tumboni. Mganga yuko mjini, dawa ziko, lakini haingii. Wengi walikufa hivyo, mama na mtoto pamoja.

Mganga mmoja mwanamke wa Scotland, Agnes McLaren, alihurumia sana wanawake hao. Alikuwa amekwisha kuwa mzee, tena alikuwa ameingia dini ya Katoliki akiwa na miaka 61. Alisaidia kuanzisha lopitali ya wanawake kule Rawalpindi, kisha akatafuta wasichana wa kusomea uganga.

Anna Dengel, aliyezaliwa mwaka 1892 katika milima ya Austria, akasikia habari hiyo, akamwandikia. Yeye mwenyewe alifiwa na mama yake angali mtoto. Bibi McLaren akamwambia asome Ireland, kwa sababu cheti cha huko kilikubaliwa Uhindi, nchi iliyotawaliwa na Waingereza. Mwaka 1913 bibi akafa. Hawakuonana hata siku moja. Mwaka uliofuata vita ikaanza, Austria na Uingereza wakawa maadui. Anna hakuacha masomo. Akapata cheti mwaka 1919, na mwaka 1920 akafika Rawalpindi.

Pale aliona kwamba mikono yake miwili haitoshi. Mganga mmoja huchoka, huugua, hurudi kwao. Shirika la masista hudumu. Lakini sheria ilikuwapo! Msidhani waliyoitunga walikuwa watu wabaya. Walitaka kulinda usafi wa moyo wa masista. Tu hawakuwa wamekaa mlangoni mwa mama anayekufa.

Mwaka 1925, huko Washington katika Marekani, Anna akaanza na wenzake 3. Wawili kati ya hao wanne walikuwa waganga, wawili wauguzi. Waliishi kama masista, wakasali kama masista, wala hawakuruhusiwa kuweka nadhiri mbele ya Eklezia. Wakafanya kazi, wakangoja zaidi ya miaka 10.

Tarehe 11 Februari 1936 barua ikatoka Roma. Masista wakapewa ruhusa ya kuuguza na kuzalisha. Tena barua ilitaka wasome mpaka wapate vyeti vya uganga na uuguzi. Ndipo Anna na wenzake wakaweka nadhiri zao.

Masista wake walifika Afrika pia, wakafungua lopitali Berekum, katika Ghana, mwaka 1948. Mama Anna alifariki Roma mwaka 1980, akiwa na miaka 88.