Wanawake Bodini: Acheni Kuuliza Faida

Kila niitwapo kuzungumza na wakurugenzi wa makampuni, iwe Dar es Salaam au Mombasa, kabla sijafika katikati ya maelezo yangu husimama bwana mmoja wa heshima, akauliza swali ambalo nimekwisha kulisikia mara zisizo na idadi: "Je, mtaalamu, tukiwaingiza wanawake bodini, faida itapanda kwa asilimia ngapi?" Nimelijibu kwa upole kwa miaka mingi, leo nalijibu kwa maandishi, maana swali lenyewe ni ghalati tangu mwanzo wake, na dhana iliyolizaa imewadhuru wale wale inaodai kuwatetea.

Dhana hiyo humfanya mwanamke mkurugenzi kuwa mfano wa dawa ya kuongeza damu, ambayo kampuni ikiinywa, mwaka haupiti ila mizania yake imenawiri. Wanaoinadi wengi hutegemea ripoti za shirika la ushauri la McKinsey, ambalo tangu mwaka 2015 limekuwa likieleza kwamba kampuni zenye wanawake wengi katika uongozi wa utendaji huelekea kuzipita nyingine kwa faida. Kisha hoja hiyo ya watendaji ikahamishiwa bodini, ikachapwa katika vipeperushi, ikasomwa katika hotuba za kufungulia semina, hata ikaonekana kuwa jambo lisilohitaji tena ithibati.

Niliwahi kukaa katika kikao cha kampuni moja, ambapo afisa kijana mwenye bidii alituonyesha ukutani mchoro wa nguzo mbili: fupi ya buluu, ambayo ni faida ya kampuni zenye wanawake wachache, na ndefu ya kijani, ambayo ni faida ya zile zenye wanawake wengi. Nikamwomba anieleze mambo mawili tu: wanawake hao walihesabiwa mwaka gani, na faida hiyo ni ya miaka ipi? Akafungua kabrasha lake, akapekua, akasoma, kisha akanyamaza. Kwani faida ilikuwa ya miaka iliyotangulia, na wanawake walihesabiwa mwishoni. Hesabu ya namna hiyo ni sawa na ya mtu apandaye mkarafuu leo, kisha akadai kwamba karafuu zilizoanikwa mwaka juzi zilichumwa katika mti huo.

Kasoro hiyo ya mpangilio wa miaka ni miongoni mwa zile walizozieleza Jeremiah Green na John Hand, wataalamu wa uhasibu wa Marekani, katika makala yao ya mwaka 2024; na ingawa wao walichunguza rangi na asili za viongozi wala si jinsia, wakazipima upya hoja za McKinsey kwa kampuni kubwa za Marekani za orodha ya S&P 500 wasione uhusiano wa kutegemewa, kasoro ni ya njia yenyewe ya kupimia, nayo huharibu kila kipimwacho kwayo. Fauka ya hayo, kampuni kubwa iliyokwisha kunawiri ndiyo yenye nafasi ya kutafuta wakurugenzi mbali na ndiyo inayotazamwa na umma. Basi yamkini neema ndiyo iliyotangulia, wanawake wakaifuata.

Na tusiseme kwamba ushahidi ni haba. Mwaka 2015 Corinne Post na Kris Byron walikusanya tafiti 140 kutoka nchi mbalimbali, wakazipima pamoja: uhusiano kati ya wanawake bodini na faida ya vitabuni ulikuwapo, lakini mdogo mno, na uhusiano na thamani ya kampuni sokoni ulikaribia sifuri. Renée Adams na Daniel Ferreira, waliochunguza kampuni za Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009, walifika mbali zaidi: walipojitahidi kutenga sababu na matokeo, wastani wa athari katika utendaji wa kampuni ukatoka hasi. Mtu aliyezisoma tafiti hizi, kisha akasimama jukwaani kuahidi asilimia, anauza asichokuwa nacho.

Lakini wale wasiowataka wanawake bodini wasifurahi mapema, maana upanga huu hukata pande zote mbili. Silaha yao ni Norway, iliyopitisha mwaka 2003 sheria ya angalau asilimia 40 ya kila jinsia katika bodi za kampuni za hisa za umma, ikatekelezwa kikamilifu mwaka 2008 chini ya tishio la kampuni kaidi kuvunjwa. Mwaka 2012 Kenneth Ahern na Amy Dittmar waliandika kwamba sheria hiyo iliporomosha thamani ya kampuni, na makala yao yakashikwa kama msahafu. Ila Espen Eckbo na wenzake waliporudia hesabu, katika makala ya mwaka 2022, hawakuona poromoko la kutegemewa. Kwa hiyo asemaye kuwa wanawake huleta utajiri na asemaye kuwa huleta hasara ni ndugu katika kosa moja.

Tafiti hizo hazituachi mikono mitupu. Adams na Ferreira waliona kwamba wakurugenzi wanawake hukosa vikao mara chache kuliko wanaume, kwamba wanaume nao huhudhuria vyema zaidi bodi ikiwa na wanawake, na kwamba wanawake huelekea zaidi kukaa katika kamati za usimamizi, kama ya ukaguzi. Huko Norway, David Matsa na Amalia Miller waliona kwamba kampuni zilizoguswa na sheria zilipunguza wafanyakazi kwa kiasi kidogo kuliko wenzao, jambo ambalo kwa mwenye hisa anayetazama gawio la mwaka huu ni gharama, na kwa mfanyakazi ni mkate wa watoto wake. Mizania moja haiwezi kukuamulia lipi bora kati ya hayo.

Waama, ubaya wa swali la faida ni kwamba humgeuza mwanamke kuwa mkopo unaosubiriwa kurejeshwa kwa riba. Sijaona bodi hata moja ikimdai mwanamume hesabu ya faida iliyoletwa na uanaume wake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: wasioubeba huuona mwepesi, ilhali faida ikishuka mwaka mmoja, kwa ukame au kwa bei ya mafuta, lawama humwangukia aliyeahidiwa kuwa dawa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inaposema kwamba wajumbe wa jinsia moja katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wasizidi theluthi mbili, haikujenga kanuni hiyo juu ya gawio. Imeijenga juu ya usawa, na huo ndio msingi usiotikiswa na msimu mbaya wa biashara.

Lililobaki ni kazi, nalo halina siri. Tangazeni nafasi hadharani badala ya kuulizana kwenye chai. Wekeni ukomo wa mihula, nafasi zipatikane. Tafuteni miongoni mwa wahasibu, mawakili na wahandisi, si miongoni mwa majina yale yale. Msiteue mmoja mkaridhika. Mpeni kila mjumbe kamati yenye kazi. Pelekeni makabrasha juma zima kabla ya kikao.

Na la mwisho, andikeni. Nilisoma wakati mmoja kumbukumbu za bodi ambayo mwanamke wake wa pekee alihoji, kwa takwimu mkononi, zabuni iliyompa mgavi mmoja kazi yote, kumbukumbu zikasema tu, "Mjumbe mmoja alitoa maoni." Mwaka uliofuata hasara ya zabuni ile ilijaza kurasa tatu. Alikuwamo bodini, alihesabiwa katika asilimia, na bodi haikumsikiliza. Basi kikao kijacho msinidai asilimia ya faida. Nifungulieni kumbukumbu, tuone kama swali la mjumbe wenu mwanamke limeandikwa kwa ukamilifu, na limejibiwa na nani.