Je, Wajua? Baruti, Mtutu Mfupi na Pamba ya Bariadi

Je, wajua kuwa baruti inayorusha risasi za bunduki za leo asili yake ni pamba? Mwaka 1846 mkemia Christian Friedrich Schönbein wa Basel, Uswisi, alitangaza kuwa pamba iliyolowekwa kwenye mchanganyiko wa asidi ya naitriki na ya salfa huwaka kufumba na kufumbua. Mfaransa Paul Vieille aliidhibiti mwaka 1884, ikapatikana baruti isiyo na moshi. Kinachotakiwa sana viwandani ni zile nyuzi fupi zinazobaki zimeng'ang'ania mbegu baada ya pamba kuchambuliwa. Mkulima wa Bariadi au Itilima anazifahamu: ndiyo manyoya ya mbegu anayoyagusa kila msimu wa kupanda.

Je, wajua kuwa mtutu mfupi haudai baruti ya kuungua haraka? Hapa wawindaji wengi wanaojaza risasi zao wenyewe, katika nchi zinazoruhusu, hukosea. Hesabu yao inaonekana sawa: mtutu ukiwa mfupi, risasi inatoka mapema, basi baruti nayo iwahi kuungua. Lakini sehemu kubwa ya baruti huungua katika inchi chache za mwanzo, pale presha inapofika kileleni. Mtutu uliobaki ni nafasi ya gesi kutanuka na kuendelea kusukuma risasi. Ndiyo maana baruti ya polepole inayotoa kasi kubwa kuliko nyingine kwenye mtutu wa inchi 24, kwa kawaida ndiyo inayoongoza pia kwenye mtutu wa inchi 18. Ukikata mtutu unapoteza kasi, mara nyingi kati ya mita 8 na 15 kwa sekunde kwa kila inchi, na hakuna baruti itakayokurudishia yote.

Faida ya baruti ya haraka ipo kwingine. Presha inayofika mdomoni mwa mtutu huwa ndogo, hivyo mwako na kishindo hupungua. Ule moto unaouona mdomoni, kwa sehemu kubwa, ni gesi moto zinazokutana na oksijeni ya nje. Kwa anayefyatua alfajiri kabla jua halijachomoza, mwako huo humpofusha kwa muda, na mimi naona hiyo ni sababu tosha ya kuifikiria baruti ya haraka.

Je, wajua kuwa joto la Afrika lilibadili umbo la risasi? Baruti ikipata joto, presha hupanda. Kampuni ya Rigby ya London ilipotoa risasi ya .416 mwaka 1911, iliipa ganda kubwa ili presha ibaki chini hata kwenye jua kali.

Je, wajua kuwa mkataba mmoja wa Ulaya ulichangia gobore kubaki mikononi mwa babu zetu? Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa na risasi zake kuingizwa katika eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Magobore na baruti ya kawaida viliachiwa mlango, kwa masharti. Usukuma wote ulikuwa ndani ya eneo hilo.

Je, wajua kuwa risasi ziliwahi kujazwa upya kwa mkono nchini mwetu, tena kwa wingi? Aprili 1915, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, meli ya Kijerumani Rubens ilishambuliwa na Waingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Sehemu kubwa ya shehena iliokolewa, lakini risasi nyingi zilikuwa zimeingiwa na maji ya bahari. Kwa miezi kadhaa watu walikaa kuzifungua, kukausha baruti na kubadilisha fataki. Hata hivyo, nyingi ziligoma kulipuka.

Je, wajua kuwa baruti mbili zinaweza kufanana kabisa kwa macho, moja ikafaa bunduki yako na nyingine ikaipasua? Zote ni chembe za kijivu. Kinachozitofautisha ni lebo ya kopo na kitabu cha mtengenezaji, basi. Hatari inazidi kwa gobore, hasa lile lililotengenezwa kwa bomba la maji: lilikusudiwa baruti nyeusi, na ukilijaza baruti isiyo na moshi, mtutu unaweza kukulipukia usoni.

Je, wajua kuwa baruti huzeeka? Ikihifadhiwa kwenye joto, kama ndani ya stoo ya bati kule Meatu, huanza kutoa harufu kali ya asidi na mvuke wa rangi nyekundu ya kahawia. Ikifika hapo inaweza kuwaka yenyewe.

Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza risasi bila kibali. Kwa sheria hiyo na kwa hatari hizo, ndugu msomaji, ukikuta kopo la baruti au risasi kuukuu kwenye nyumba ya marehemu mzee, usilifungue wala usilihamishe. Waondoe watoto, kisha utoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu nawe.