Miguu hujengeka siku ya kupumzika

Kocha akimwambia mwendesha baiskeli apumzike siku nzima, mara nyingi mchezaji hutii kwa shingo upande. Anawafikiria wapinzani wake wakipanda milima huku yeye amekaa barazani. Alfajiri anatoroka, anapiga kilomita themanini za "kunyoosha miguu", na baada ya wiki mbili anashangaa mbona wale aliozoea kuwaacha sasa wanampita kwenye kilima kilekile.

Mazoezi magumu yenyewe hayaongezi nguvu. Hupunguza. Saa mbili za kupanda milima kwa kasi humaliza sehemu kubwa ya glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, na akiba yote ya mtu mzima haizidi sana nusu kilo. Nyuzi za misuli huchoka, nyingine hupata michubuko isiyoonekana kwa macho, na maji mengi hutoka kwa jasho. Ukiuacha mwili, huanza kujirekebisha, tena hauishii pale ulipokuwa. Huongeza kidogo ili safari ijayo usikute upungufu uleule. Utegili, yale majimaji ya damu, huongezeka ndani ya siku chache, na moyo ukapata damu nyingi zaidi ya kusukuma kwa kila pigo. Mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, huchukua wiki kadhaa kuongezeka. Anayerudi barabarani kwa kasi ileile kila siku anaikatiza kazi hiyo njiani.

Vijiweni utasikia kwamba maumivu ya mapaja ya kesho yake yanaletwa na asidi ya laktiki. Sivyo. Laktiki huondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi baada ya kushuka kwenye baiskeli, na sehemu yake hutumiwa na mwili kama nishati. Kinachouma kesho yake ni ile michubuko na uvimbe mdogo unaoiandama.

Chakula ndicho kianzio cha kupona. Akiba ya wanga iliyoisha huhitaji takribani siku nzima kujaa, na hujaa tu kama mtu anakula vya kutosha: ugali, wali, viazi, ndizi. Mwenye mazoezi tena baada ya saa chache asisubiri mlo wa usiku. Kwake hushauriwa gramu moja hivi ya wanga kwa kila kilo ya uzito, kila saa, kwa saa nne za mwanzo. Kwa mtu wa kilo 60, kipimo cha saa moja ni sawa na sahani ya wastani ya wali. Kisha alale. Usingizi mzito ndio wakati homoni ya ukuaji humwagika kwa wingi, na mtu mzima wa kawaida huhitaji angalau saa saba. Anayejifua sana huhitaji zaidi. Hakuna unga wa kopo wala kidonge kinachoziba pengo la saa hizo.

Hapa ndipo ratiba nyingi zilizonakiliwa kutoka Ulaya zinapotukwaza. Mchezaji wa kulipwa kule akimaliza mazoezi hukandwa misuli, hula, hulala mchana. Kwetu baiskeli ni kazi pia. Kijana anashiriki mbio Jumapili, na kuanzia Jumatatu anabeba abiria, maziwa au mkaa. Jumatano ratiba inasema "pumzika", naye ameshinda juani akisukuma magunia mawili kwenye karia. Huyo hajapumzika. Mwili hauna hesabu mbili, moja ya mazoezi na nyingine ya riziki. Kocha asiyeuliza mchezaji wake alifanya nini kutwa hawezi kumpangia mapumziko, hata awe na saa ya kisasa mkononi.

Wala kupumzika si lazima kuwe kujilaza. Tour de France ina hatua 21 na siku mbili tu za mapumziko, na siku hizo waendesha baiskeli wengi hutoka kwa saa moja au mbili. Huzungusha pedeli kwa giya nyepesi, polepole kiasi cha kupiga soga bila kuhema. Ukianza kuhema, umeshaingia mazoezini.

Mbio kubwa zikikaribia, punguza zaidi. Utafiti wa michezo ya ustahimilivu unaelekeza hivi: katika wiki mbili za mwisho kata wingi wa mazoezi kwa karibu nusu, lakini usiache zile mbio fupi za kasi. Faida yake huwa kama asilimia mbili au tatu, na katika mbio za saa moja hiyo ni zaidi ya dakika nzima. Mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, yaliwapitisha wanaume kwenye kilomita 267 zenye zaidi ya mita 5,000 za kupanda. Walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30. Njia kama hiyo si ya kuijia na miguu iliyochoka tangu nyumbani.

Utajuaje umezidisha? Hesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla hujainuka kitandani. Yakizidi kawaida yako kwa matano hadi kumi siku kadhaa mfululizo, punguza. Dalili nyingine ni hasira za ovyo, usingizi kukatika ilhali umechoka, na mapigo kugoma kupanda hata ukisukuma kwa nguvu zote. Mwanamke anayekosa hedhi asiambiwe ni kawaida ya wanamichezo. Mara nyingi anakula pungufu kuliko anachotumia, na mifupa yake iko hatarini.

Na kama umepunguza mazoezi kwa wiki mbili na uchovu haujaondoka, nenda hospitali ukapimwe. Malaria, upungufu wa damu na kisukari vyote huweza kuanza kwa miguu mizito, na hakuna hata kimoja kinachopona kwa kulala. Ukiwa na homa usingoje hizo wiki mbili.